Siku Tulipohama Windows

Katika chumba chetu cha vijana hapa Buyenzi tuna kompyuta saba. Zote ni za mkono wa pili. Tano zina kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A na Z, na mbili zina ya Kiingereza. Kijana aliyezoea ile ya kwanza akikaa mbele ya hii nyingine anaandika "qsqnte" akidhani ameandika "asante". Ni mashini zilizochoka, lakini kazi yake ni kubwa. Hapo ndipo watu wanaandika CV, ndipo diploma za Kongo zinapigwa skani kwa ajili ya kuomba nafasi ya masomo, ndipo barua za kupeleka ofisini zinaandikwa na kusahihishwa. Mkimbizi wa mjini anaishi kwa karatasi, na siku hizi karatasi inaanzia ndani ya kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika. Ziliwaka kama jana. Kilichokwisha ni matengenezo: wezi wa mitandaoni wakigundua tundu jipya ndani ya mfumo, hakuna tena anayekuja kuliziba bure kama zamani. Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha, na ikashauri watu wahamie Windows 11. Lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Tulipima mashini zetu zote saba. Hakuna hata moja iliyokubaliwa.

Tukabaki na njia tatu: kununua nyingine, ambayo hatukuwa na pesa yake; kukaa hivyo hivyo kwenye nyumba ambayo mlango wake haufungiki tena; ao kuhama. Tulihama. Tukaingia Linux.

Naandika hapa historia ya mahali tulipohamia, kwa sababu vijana waliniuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu siku ile: "Kitu cha bure, nani anakilipia? Mtego uko wapi?" Ni swali la haki. Mtu aliyekimbia amejifunza kuogopa vya bure. Ilinibidi nisome kwanza ndipo niwajibu.

Tuanze na mfumo endeshi wenyewe. Ukiwasha kompyuta, kabla hujafungua Word wala video, kuna programu inayotangulia kuamka. Hiyo ndiyo inayoongea na kibodi, skrini, diski na printa, na kuzipa programu nyingine zamu zao za kufanya kazi. Hiyo ndiyo mfumo endeshi. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Chuma kinabaki kile kile, anayekiongoza ndiye anabadilika. Ndiyo maana kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kufanya kazi vizuri chini ya mfumo mwingine. Haikuwa mbovu. Iliambiwa tu kwamba muda wake umeisha.

Historia ya programu huria inaanzia mahali ambapo kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye sekretaria ya kuchapisha karatasi atapaelewa: printa iliyokwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Richard Stallman alikuwa anafanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT. Printa yao mpya ilikuwa inakwamisha karatasi. Kwa printa ya zamani yeye mwenyewe alikuwa ameongeza maandishi ndani ya programu yake ili iwaambie watu karatasi ikikwama. Kwa hii mpya alitaka kufanya vilevile, lakini alinyimwa msimbo, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo. Mashini ilikuwa mbele yao, lakini mamlaka ya kuirekebisha yalikuwa mbali.

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU: kutengeneza mfumo mzima ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kumpa jirani. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL. Leseni hiyo ina sharti moja la akili sana: ukichukua programu hii ukaiboresha, kisha ukaigawa, lazima wale unaowapa wapate uhuru ule ule uliopata wewe. Huwezi kupokea mlango wazi halafu ukaufunga nyuma yako.

Mradi huo ulikuwa na vipande vingi, lakini ulikosa kiini kinachofanya kazi. Kiini kikatoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo mdogo, kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Jina lake Linus Torvalds. Mwaka uliofuata aliuweka kiini chake chini ya leseni ya GPL, na watu wa nchi nyingi wakaanza kumtumia marekebisho. Kiini hicho ndicho Linux.

Sasa nani analipia? Hapo ndipo niliposhangaa. Zamani wengi walijitolea, na mpaka leo wapo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kiini inafanywa na watu wenye mishahara ya makampuni makubwa: Intel, Google, IBM, Red Hat, hata Microsoft yenyewe. Hawafanyi kwa huruma. Wanafanya kwa sababu mashini zao wenyewe zinategemea Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux, zote bila kubakiza hata moja. Na simu ya Android, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2008, inatumia kiini cha Linux. Nilipowaambia vijana hivyo wakatoa simu zao mfukoni na kuzitazama. Walikuwa wanaogopa kitu wanacholala nacho chini ya mto.

Linux peke yake ni kiini. Ili mtu wa kawaida aitumie, lazima watu wengine wakizungushie dirisha, menyu, programu za kuandikia na za kusikiliza muziki. Hapo Afrika inaingia ndani ya hadithi. Mark Shuttleworth ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 1999 aliuza kampuni yake ya usalama wa intaneti, Thawte, akawa tajiri sana. Aprili 2002 alipanda chombo cha Warusi, Soyuz, akaenda angani, raia wa kwanza wa nchi ya Afrika huru kufika huko. Mwaka 2004 akakusanya mafundi, akaanzisha kampuni ya Canonical, na tarehe 20 Oktoba 2004 wakatoa mfumo wao. Waliuita Ubuntu.

Wazungu wengi wanaeleza kwamba ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Ni kweli. Lakini hapa Bujumbura hakuna haja ya kuelezwa. Muulize muuza ndizi yeyote sokoni. Kwa Kirundi ubuntu ni utu, ni wema, ni neema. Kanisani utasikia ubuntu bw'Imana, neema ya Mungu. Na ukisema ku buntu, maana yake ni bure. Kwa hiyo Mrundi akilisoma jina la mfumo huu anasikia mambo mawili kwa pamoja, utu na bure. Sisi tuliotoka ng'ambo ya Rusizi tuna neno utu kwa Kiswahili, na wengi wetu tunasikia ubuntu bila mkalimani. Jina hilo halikutoka mbali na sisi.

Ubuntu walifanya pia jambo lingine ambalo vijana wa leo hawalijui. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, popote duniani, kwa yeyote aliyeomba. Leo inaonekana kitu kidogo. Lakini kabla ya 2009, ambapo nyaya za chini ya bahari zilianza kufika pwani ya Afrika Mashariki, intaneti yetu ilikuwa inapita kwenye satelaiti, ya polepole na ya ghali, na kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto. CD kwenye bahasha ndiyo iliyokuwa njia.

Mwaka huo huo wa 2004 kulitokea jambo Dar es Salaam ambalo linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wao kutoka Sweden, walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Walikaa wakatafsiri programu za ofisini kwa Kiswahili, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kuandika barua, kutengeneza jedwali na kuhifadhi faili, menyu zote zikiwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mwenye mali, kwa sababu leseni ilikuwa imeshawapa. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili. Ni vizuri. Lakini tofauti iko wazi: kwa upande mmoja lugha yako inasubiri kampuni iamue kwamba inafaa, kwa upande mwingine wanafunzi na walimu wao wanaanza kazi Jumatatu.

Mtu atauliza: kama mambo yako hivyo, kwa nini sisi tulichelewa miaka ishirini? Jibu ni aibu kidogo. Kwa sababu Windows nayo ilikuwa bure, bure ya wizi. Katika mitaa yetu fundi anakuja na flashi, kwetu tunasema kle, anaweka Windows iliyovunjwa leseni, unampa faranga elfu chache, mambo yanaisha. Hakuna aliyehisi bei. Bei ilikuwa imefichwa mahali pengine. Mashini za namna hiyo mara nyingi hazisasishwi, kwa sababu mwenyewe anaogopa ukweli utajulikana, na programu ya kuvunjia leseni mara nyingi inakuja na virusi ndani yake.

Dunia nzima ililiona hilo tarehe 12 Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita kwenye tundu la Windows, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 ziliguswa, na hospitali za Uingereza zilibidi kuwarudisha wagonjwa. Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla, kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha, ao waliobaki kwenye matoleo yaliyoachwa. Windows XP, ambayo mashini nyingi za mtaani zilikuwa bado zinaitumia, ilikuwa imeachwa tangu tarehe 8 Aprili 2014. Ndiyo maana nilipoona tarehe ya Oktoba 2025 inakaribia sikuweza kusema tutakaa tu.

Nisiwadanganye kwamba kila anayehama anafurahi. Jiji la München, Ujerumani, lilihamisha kompyuta kama 15,000 kwenda Linux, kazi ya miaka karibu kumi, ikaisha 2013. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Upande mwingine, jandarmeri ya Ufaransa ilianza taratibu: mwaka 2005 wakabadilisha programu ya kuandikia tu, watu wakazoea, ndipo kuanzia 2008 wakaingia Ubuntu, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinaitumia. Ukilinganisha hizo mbili unajifunza kwamba kuweka mfumo ni kazi ya saa moja, lakini kuwazoesha watu ni kazi ya miaka.

Sisi tulichagua Xubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, kwa sababu mashini zetu zina RAM ya giga 4. Tulinunua mega za usiku, tukapakua mara moja, tukaweka kwenye kle, na kle hiyo hiyo ikahudumia zote saba. Kwanza tuliijaribu bila kuisakinisha: Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye kle, ukaiangalia, ukazima, na Windows yako ikabaki palepale. Tulichagua lugha ya Kifaransa, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili bado haijakamilika. Unaanza menyu kwa Kiswahili unaimalizia kwa Kiingereza. Word tuliibadilisha kwa LibreOffice, ambayo ilizaliwa 2010 kutoka kwenye OpenOffice ile ile iliyotafsiriwa Dar es Salaam. Tuliweka pia Kiwix, programu huria inayofungua Wikipedia bila intaneti, na hiyo ndiyo iliyowanyamazisha waliokuwa wananung'unika.

Manung'uniko yalikuwepo. Printa ilikataa siku mbili. CV zilizotengenezwa kwa Word zilifunguka zimepinda. Kijana mmoja alikuwa na mchezo wa mpira ambao haukufanya kazi tena, akaacha kuja wiki nzima. Na Xubuntu nayo ina tarehe yake: toleo tulilolichukua, 24.04, linahudumiwa mpaka 2027. Tofauti ni kwamba linalofuata halina bei, na hakuna kampuni inayotuuliza mashini yetu ilizaliwa mwaka gani.

Lakini kuna jambo moja ambalo si la printa, na nikilificha makala hii itakuwa ya uongo.

Mzee mmoja wa Fizi alikuwa anakuja kwetu kila Jumanne na Alhamisi jioni. Kwa vidole viwili alikuwa anaandika historia ya kijiji chake: nani alianzisha, nani alijenga shule, mashamba yalikuwa ya nani, mpaka mwaka 1996 vita vilipowatawanya. Alikuwa amefika ukurasa wa 31. Kabla ya kuhama nilinakili mafaili ya kila mtu kwenye diski ya nje. Nilinakili folda ya Documents ya kila mashini, moja baada ya nyingine, nikaziwekea alama kwenye daftari. Nilisahau kwamba mzee hakuwa anaweka kwenye Documents. Alikuwa anaweka palepale mbele ya macho yake, kwenye Bureau, ili asilitafute faili lake. Programu ya kusakinisha iliniuliza kama nataka kufuta diski nzima. Nikabofya ndiyo.

Niligundua Alhamisi, yeye akiwa ameshakaa. Nilijaribu kuokoa kwa PhotoRec, programu huria ya kutafuta mafaili yaliyofutwa. Ilirudisha picha na vipande vya barua za watu wengine. Kurasa za mzee hazikurudi. Zilikuwepo tisa tu za kwanza, ambazo alikuwa amezichapisha.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza: "Ni hiyo Windows ilifuta, ao ni wewe?"

Nikasema: "Ni mimi, papa."

Akasema: "Basi utaandika wewe, mimi nitasema."

Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Nilikuwa nimewahubiria vijana kwamba tunahama ili kampuni ya mbali isiwe na mamlaka juu ya mashini zetu. Ni kweli, na bado naamini. Lakini mamlaka yakitoka kwa wengine yakaja kwako, na lawama inakuja pamoja nayo. Kwenye mfumo wetu mpya hakuna wa kumsingizia. Leseni ya GPL yenyewe inasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Wanakupa uhuru wote, na kazi ya ulinzi inabaki kwako.

Kwa hiyo kwa ndugu msomaji ambaye ana kompyuta ya zamani na anataka kuhama, ushauri wangu ni mfupi. Usianze na mfumo, anza na mafaili. Mwulize kila mwenye kutumia mashini hiyo: vitu vyako unaviweka wapi? Usimkisie. Angalia Documents, Bureau, Téléchargements, picha, hata pipa la taka. Nakili mahali pawili, fungua nakala uone kama zinafunguka, ndipo uwashe ile kle. Wazazi wetu walipokimbia hawakupata muda wa kuuliza kila mtu nini kibebwe. Sisi kwa kompyuta muda huo tunao, na mimi niliuruka.

Mzee anaendelea kuja Jumanne na Alhamisi. Anakaa kando yangu, anafumba macho, anasema, mimi naandika. Mara nyingine ananisimamisha: hapana, huyo hakuwa kaka yake, alikuwa shemeji. Tuko ukurasa wa 14. Anasema mambo mengine yamerudi ambayo mara ya kwanza hakuyaandika, na mengine yamepotea. Kabla sijazima mashini ananigusa mkono.

"Ulishakopia?"

Nakopia kwenye kle yake, halafu kwenye yangu, namfungulia zote mbili aone kwa macho yake. Ndipo tunazima.